COMPAS: alama ya mashine ndani ya faili la mshtakiwa

Fungua taarifa anayoandaliwa jaji wa Wisconsin, Marekani, kabla hajamtamkia mtu adhabu. Humo unaweza kukuta ukurasa wenye michirizi mitatu. Wa kwanza unakadiria kama mshtakiwa atatenda kosa akiwa nje anasubiri kesi, wa pili kama atatenda kosa lolote tena, wa tatu kama atatenda kosa la kutumia nguvu. Kila mchirizi una namba: 1 hadi 4 ni hatari ndogo, 5 hadi 7 ya kati, 8 hadi 10 kubwa. Namba imepatikanaje? Ukurasa haujibu. Hiyo ndiyo COMPAS, na hapa inapimwa kama bidhaa nyingine yoyote: ina nini ndani, inafanya kazi gani, inaharibikia wapi, na nani ana sababu ya kuinunua.

Mtengenezaji ni Northpointe, kampuni iliyoanzishwa 1989 na mtaalamu wa takwimu Tim Brennan akiwa mmoja wa waanzilishi. Tangu 2017 inaitwa Equivant. Kirefu cha jina COMPAS kwa Kiingereza kinazungumzia usimamizi wa wakosaji na adhabu mbadala, yaani shughuli ya kuamua nani anaweza kukaa nje ya gereza na apewe huduma gani. Likumbuke hilo, maana bidhaa hii ilianza kama kifaa cha maafisa wa magereza na probesheni, kisha ikapanda ngazi hadi kwenye meza ya jaji bila kubadilishwa.

Anayesikia akili mnemba akawaza mashine inayozungumza atavunjika moyo. Ndani mna hesabu ya takwimu ya kawaida: majibu yanageuzwa namba, kila namba inazidishwa kwa uzito wake, yanajumlishwa. Ugumu uko kwenye uzito, kwa sababu huo ni siri ya biashara.

Tuanze na dodoso, lenye maswali 137. Sehemu yanajazwa na afisa kutoka kwenye rekodi: umekamatwa mara ngapi, ulikuwa na umri gani mara ya kwanza, uliwahi kuvunja masharti ya probesheni? Mengine anaulizwa mshtakiwa mwenyewe. Je, mzazi wako mmoja aliwahi kufungwa? Marafiki zako wangapi wanatumia dawa za kulevya? Shuleni ulikuwa unapigana mara ngapi? Halafu kuna sentensi za kukubali au kukataa, mojawapo ikisema kwamba mtu mwenye njaa ana haki ya kuiba. Jaribu kuijibu hiyo ukiwa na pingu mkononi. Swali la rangi halimo popote. Lakini ukishauliza habari za mzazi gerezani na za mara ambazo polisi wamekukamata, katika nchi ambayo polisi hawakamati kila mtaa kwa kiwango kimoja, hilo swali la rangi umelipitisha uani.

Wakosoaji walipoishambulia namba hiyo 137, kampuni ilijibu mwaka 2018 kwamba mengi ya maswali hayo yanapima mahitaji ya mtu (kazi, makazi, ulevi, elimu), na hesabu ya hatari yenyewe inatumia vigezo sita tu. Jibu zuri, ila linafungua swali jingine: kama ni sita, kuna siri gani ya kulinda?

Kidogo kilichowekwa wazi kimo kwenye mwongozo wa watumiaji. Kwa hatari ya makosa ya kutumia nguvu, hesabu inakwenda hivi: umri wa sasa unapunguza alama, umri wa kukamatwa mara ya kwanza unapunguza pia, kisha inaongezwa historia ya vurugu, hali ya elimu na kazi, na historia ya kuvunja masharti. Kila kimoja kinazidishwa kwa uzito wake, na uzito hautajwi. Tazama umri kwa makini. Kijana wa miaka 19 anapata alama kubwa kuliko mzee wa 50 mwenye rekodi ileile. Kitakwimu ni sahihi, vijana hurudia makosa zaidi. Mahakamani, ujana ni jambo ambalo wakili husimama nalo kuomba adhabu ipunguzwe. Kwa hiyo jambo lilelile linaingia kwenye mizani mara mbili: wakili analitaja kwa sauti likimsaidia mteja, mashine inalihesabu kimya likimkandamiza, na jaji anaona upande mmoja tu wa hesabu.

Kosa linalofanywa zaidi katika kusoma alama ni kudhani 8 ni asilimia 80. Sivyo. COMPAS inatoa cheo, haitoi uwezekano. Waliopimwa zamani wamepangwa kwa mstari kuanzia alama ndogo hadi kubwa, mstari ukakatwa vipande kumi vilivyo sawa. Ukipewa 8, maana yake alama yako ghafi imeangukia kipande cha nane. Wangapi kati ya watu wa kipande hicho walirudia kosa kweli? Hilo ni swali lingine, na jibu lake haliko kwenye michirizi.

Na mstari wenyewe si mmoja. Yapo makundi manane ya kulinganishia, ya wanaume na ya wanawake, yakitofautishwa kwa mahali walipopimwa: gereza na paroli (kuachiwa kwa masharti kabla kifungo hakijaisha), mahabusu, probesheni, na mchanganyiko. Idara inayonunua ndiyo inayochagua kundi. Mtu mmoja, majibu yaleyale, anaweza kuwa 6 akilinganishwa na wafungwa na kupanda akilinganishwa na watu wa probesheni. Takwimu za msingi za makundi hayo, kwa mujibu wa mwongozo huo, zilitokana na vipimo vya 2004 na 2005. Idara isiyofanya ulinganisho mpya kwa watu wake yenyewe inampima mtu wa leo kwa rula ya miaka hiyo.

Je, inabashiri vizuri? Hapa tuna data ya kutosha kutoka kaunti ya Broward, Florida, ambako waandishi wa ProPublica, chombo cha habari za uchunguzi, walifuatilia watu zaidi ya 7,000 waliokamatwa 2013 na 2014, wakachapisha matokeo Mei 2016. Watafiti wengine wameichambua data hiyohiyo tangu wakati huo. Julia Dressel na Hany Farid, katika utafiti uliotoka Januari 2018, waliona COMPAS inapatia kiasi cha 65% kwa kipindi cha miaka miwili. Kabla hujashangilia, fahamu kwamba wasiorudia kosa katika data hiyo ni karibu 55%, hivyo ukimwambia kila mtu "huyu hatarudia" bila hata kufungua faili, tayari umepatia 55%. Wakachukua watu wa kawaida mtandaoni, wasio na utaalamu wowote wa sheria, wakawapa maelezo mafupi ya kila mshtakiwa. Mmoja mmoja walipatia 62% hadi 63%, na maoni yao yakijumlishwa, 67%. Mwishowe wakatengeneza hesabu ya vigezo viwili tu, umri na idadi ya hatia za nyuma. Ikapatia 67%.

Timu ya Cynthia Rudin wa Chuo Kikuu cha Duke na wenzake walikwenda mbali zaidi. Kanuni waliyoipata inaenea kwenye kiganja: kama ni mwanaume wa miaka 18 hadi 20, bashiri atarudia, kama ana miaka 21 hadi 23 na makosa mawili au matatu ya nyuma, atarudia, kama ana makosa zaidi ya matatu, atarudia, vinginevyo hatarudia. Usahihi wake unakaribiana na wa COMPAS. Si kanuni nzuri ya kumfungia mtu, na hakuna aliyesema iwe hivyo. Lakini ni bure, na wakili anaweza kuipinga mstari kwa mstari.

Sasa ugomvi wa rangi, uliosimuliwa mara nyingi na kueleweka mara chache. ProPublica walionyesha kwamba kati ya Weusi ambao hawakurudia kosa, 44.9% walikuwa wamepewa alama ya kati au kubwa. Kwa Wazungu, 23.5%. Kampuni ikajibu kwamba alama ina maana ileile kwa wote: ukichukua waliopewa alama kubwa, Weusi na Wazungu wanarudia kosa kwa viwango vinavyokaribiana. Wote wawili walikuwa sahihi. Chukua kalamu.

Kundi la kwanza lina watu 100, na 50 watarudia kosa. Mashine inawapa alama kubwa watu 50, kati yao 30 wanarudia kweli. Kundi la pili lina watu 100, na 30 watarudia. Mashine inawapa alama kubwa 20, kati yao 12 wanarudia. Kwa kila kundi, alama kubwa imepatia 60%, na kampuni inaweza kusema haibagui. Geuza upande wa pili. Katika kundi la kwanza, wasiorudia ni 50, na 20 kati yao wamesingiziwa: 40%. Katika kundi la pili, wasiorudia ni 70, waliosingiziwa ni 8: zaidi kidogo ya 11%. Hakuna aliyedanganya. Viwango vya kurudia kosa vikitofautiana kati ya makundi, na mashine haipatii kila mara, huwezi kupata usawa wa aina zote mbili kwa pamoja. Wanahisabati walilithibitisha hilo 2016 na 2017. Na "kurudia kosa" kwenye data hii kunamaanisha kukamatwa au kushtakiwa tena, kwa hiyo tofauti ya viwango vyenyewe imechanganyika na tofauti ya mahali polisi wanapopiga doria.

Kuchagua usawa upi ni kazi ya bunge au mahakama. Kwenye COMPAS uchaguzi huo ulifanywa na muuzaji, ndani ya ofisi yake, na mnunuzi hakuulizwa. Hapo ndipo utawala wa sheria unapoguswa hasa, hata kuliko kwenye asilimia.

Mahakama Kuu kabisa ya Wisconsin ililikabili suala hili katika kesi ya State v. Loomis, iliyoamuliwa Julai 2016. Mshtakiwa alikiri makosa mawili, kujaribu kumkimbia askari wa usalama barabarani na kuendesha gari bila idhini ya mwenyewe, akahukumiwa miaka sita gerezani na mitano ya uangalizi. Michirizi yake mitatu yote ilikuwa juu. Akakata rufaa: nawezaje kupinga hesabu nisiyoiona? Mahakama ikamjibu kwamba majibu ya dodoso aliyaona na angeweza kuyasahihisha, na kwamba hakimu angempa adhabu ileile hata bila COMPAS. Akashindwa. Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kuisikiliza kesi hiyo Juni 2017.

Hata hivyo uamuzi ule uliweka mipaka. Alama isitumike kuamua kama mtu afungwe au asifungwe, wala kifungo kiwe kirefu kiasi gani; hakimu aeleze sababu nyingine zinazobeba adhabu; na taarifa iambatane na maonyo ya maandishi. Maonyo yanasema hesabu ni siri ya kampuni, data ni ya makundi na si ya mtu mmoja, kifaa hakijahakikiwa kwa watu wa Wisconsin, baadhi ya tafiti zinatilia shaka matokeo kwa watu wa rangi, na kifaa kinahitaji kurekebishwa mara kwa mara. Vizuri. Lakini hakimu akishayasoma afanye nini? Aipunguze 8 iwe 7? Aitupe? Ni kama maandishi kwenye paketi ya sigara: yamesomwa, na kiberiti kimewashwa. Jaji Shirley Abrahamson, aliyekubaliana na matokeo, aliandika pembeni kwamba mahakama yenyewe kutoielewa COMPAS lilikuwa tatizo kubwa katika kesi hiyo.

Jinsi alama inavyofanya kazi ikiachwa ijitembelee ilionekana katika kesi nyingine ya jimbo hilohilo. Mtu aliyeiba mashine ya kukatia majani na vifaa vingine alikuwa ameelewana na mwendesha mashtaka: mwaka mmoja kwenye jela ya kaunti. Hakimu akaona alama, akayatupa makubaliano, akatoa miaka miwili ya gereza la jimbo. Baadaye Brennan mwenyewe aliitwa kutoa ushahidi, akasema hakukibuni kifaa hiki kwa ajili ya kupanga adhabu. Kifungo kikashushwa hadi miezi 18. New York nako, mfungwa mwenye rekodi safi ya kurekebika alinyimwa paroli 2016, akagundua kwamba swali moja kuhusu nidhamu lilijazwa vibaya. Kosa aliliona. Asichoweza kuonyesha ni kwamba kosa hilo lilimpandisha kwa kiasi gani, kwa sababu uzito wa swali ni siri.

Kwa wakili anayekutana na ukurasa huu, kazi inaanzia kwenye karatasi ya majibu, si kwenye alama. Iombwe yote. Kila kukamatwa na kila hatia ilinganishwe na kumbukumbu za mahakama, hasa mashtaka yaliyofutwa na kosa moja lililohesabiwa mara mbili, kwani hayo ndiyo yanayoingia kimakosa kwa urahisi. Ombeni alama ghafi, jina la kundi la kulinganishia, na tarehe ya uhakiki wa mwisho kwa wakazi wa eneo hilo. Muulizeni afisa kama alifikiria kutofautiana na mashine. Mwongozo wa idara ya magereza ya Wisconsin, uliotajwa kwenye kesi ya Loomis, unatarajia maafisa watofautiane nayo katika takriban 10% ya kesi. Ofisi ambayo haijawahi kutofautiana hata mara moja haipimi, inanakili.

Ukitaka kulinganisha, mshindani wa kutazamwa ni PSA, kifaa cha hatua ya dhamana kilichotolewa na taasisi ya Arnold na kutumika jimbo zima la Kentucky na la New Jersey. Kina vigezo tisa, vyote vya kwenye rekodi, hakuna mahojiano, na uzito umechapishwa. Kwa uwezekano wa kutenda kosa jipya: umri wa miaka 22 au chini, pointi 2, shauri jingine linaloendelea wakati wa kukamatwa, 3, hatia ndogo ya nyuma, 1, hatia kubwa ya nyuma, 1, hatia za vurugu, 1 au 2 kulingana na idadi, kutofika mahakamani ndani ya miaka miwili, 1 au 2, kuwahi kufungwa, 2. Jumla ya juu ni 13, inayogeuzwa kuwa cheo cha 1 hadi 6. Karani anaihesabu kwa kalamu, wakili anaihesabu tena, wakitofautiana wanajua wametofautiana wapi. Nacho kinarithi upendeleo wa rekodi za polisi, na nacho kinawaumiza vijana. Tofauti ni kwamba kinaweza kusimama kizimbani kikahojiwa.

Hukumu yetu kwa COMPAS basi imegawanyika. Sehemu ya mahitaji, inayomwonyesha afisa kwamba mtu huyu hana makazi, ana ulevi na hana kazi, inafaa, kwa sharti majibu yasirudi kumdhuru aliyeyatoa. Kwa kupanga urefu wa kifungo, hapana. Hata aliyeibuni hakuikusudia hivyo. Kwa dhamana, ziko njia zilizo wazi zaidi zinazopatia karibu sawa.

Ulaya imekwenda kwa sheria: Kanuni ya Akili Mnemba ya 2024 inapiga marufuku, tangu Februari 2025, kumkadiria mtu kwamba atatenda jinai kwa kutegemea tu wasifu au tabia zake, na vifaa vingine vya kukadiria kurudia makosa vimewekwa kwenye daraja la hatari kubwa, lenye wajibu wa kumbukumbu, ukaguzi na usimamizi wa binadamu. Kwetu, Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutofanyiwa uamuzi unaotegemea mashine pekee, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Neno la kuchunga ni "pekee". Kifaa cha aina ya COMPAS hakiamui pekee. Kila mara kuna hakimu anayetia sahihi, na muuzaji atasema kifungu hakimhusu.

Kwa hiyo ulinzi uandikwe kwenye mkataba wa manunuzi, kabla ya malipo ya kwanza: uzito wote utolewe kwa mahakama na kwa mtaalamu wa utetezi, kifaa kijaribiwe kwa mafaili ya zamani ya nchi husika kabla ya kugusa kesi hai, makosa ya kusingizia yaripotiwe kwa kila kundi peke yake, uhakiki urudiwe kwa tarehe zilizotajwa, na ukurasa wa alama uonyeshe idadi halisi, "kati ya watu 100 wenye alama hii, kadhaa walirudia", badala ya michirizi.